UZI: Isadore Sharp, mtoto wa fundi wa plasta aliyeianzisha Four Seasons, na kwa nini wanaosomea hoteli hapa Dar es Salaam wamjue

Wanajukwaa, salaam.

Naandika uzi huu kwa ajili ya vijana wanaosomea kazi za hoteli, wakiwemo wa Chuo cha Taifa cha Utalii kampasi ya Bustani na wengine walio katika mafunzo kwa vitendo kwenye hoteli za Posta, Upanga na Masaki. Kila ninapozungumza nao naona wanawatambua mameneja wakuu kwa magari na suti zao, lakini ukiwauliza uongozi wa hoteli unajengwa na nini, majibu huwa machache. Nimefanya kazi ya mapokezi kwa muda mrefu katikati ya jiji hili na sasa nafundisha, na katika viongozi wote wa sekta hii ambao nimefuatilia maisha yao, hakuna aliyenifundisha zaidi ya Isadore Sharp wa Kanada, mwanzilishi wa Four Seasons, kampuni ya hoteli za kifahari.

Hoja yangu ni moja, na nitaisema mapema ili anayetaka kuipinga aanze kujiandaa. Sharp alitambua, kabla ya washindani wake wengi, kwamba bei kubwa anayotozwa mgeni wa hoteli ya kifahari inatokana na kazi ya watu wanaolipwa mshahara mdogo kuliko wote katika hoteli hiyo, yaani bawabu, mbeba mizigo, mhudumu wa vyumba, mwosha vyombo na karani wa mapokezi. Akaipanga kampuni yake kwa kuanzia kwa hao, kisha akapanda juu.

Sharp alizaliwa Toronto, Oktoba 1931, katika familia ya Wayahudi waliohamia Kanada kutoka Poland. Baba yake, Max, alikuwa fundi wa plasta aliyegeuka kuwa mjenzi wa nyumba. Alikuwa akinunua nyumba, familia inahamia, anaikarabati, anaiuza, kisha wanafungasha tena na kuhamia nyingine, kiasi kwamba watoto walikua wakihama mara kwa mara. Kijana Isadore alianza kushika koleo na toroli la zege akiwa bado shuleni. Alisomea usanifu majengo katika taasisi ya Ryerson hapo hapo Toronto, akahitimu 1952, na akaingia moja kwa moja katika kampuni ndogo ya ujenzi ya baba yake. Hakusoma hoteli popote, wala hakuwahi kufanya kazi mapokezini. Alikuja kwenye hoteli kwa mlango wa mjenzi: rafiki yake alimpa kazi ya kumjengea moteli ndogo kando ya barabara kuu, naye alipoona jinsi vyumba vile vilivyokuwa vikijaa, akapata wazo la kujenga ya kwake mjini.

Wazo hilo lilimchukua zaidi ya miaka mitano kulitekeleza, kwa sababu wakopeshaji hawakuona sababu ya kumwamini kijana asiye na historia yoyote ya hoteli. Waliomwokoa mwishoni walikuwa watu wa karibu: shemeji yake Eddie Creed, aliyekuwa na duka la mavazi ya kifahari, na rafiki yao Murray Koffler, mfamasia ambaye baadaye alianzisha maduka ya Shoppers Drug Mart. Waliweka fedha zao, mkopo ukapatikana, na tarehe 21 Machi 1961 Four Seasons Motor Hotel ikafunguliwa katika mtaa wa Jarvis ikiwa na vyumba 125.

Hapa naomba tutulie kidogo, kwa sababu jengo lile lina mafunzo. Mtaa wa Jarvis wakati ule ulikuwa na sifa mbaya, na mtu mwenye heshima zake asingependa kuonekana akiingia huko usiku. Sharp na msanifu wake, Peter Dickinson, waliigeuza hoteli ndani nje: vyumba vilitazama ua wa katikati wenye bustani na bwawa la kuogelea, na barabara ikaachwa nyuma ya ukuta. Mgeni akishaingia alisahau kabisa kelele na sifa za mtaa. Karibu yake kulikuwa na makao ya shirika la utangazaji la CBC, hivyo watangazaji na wasanii wakaifanya kuwa kituo chao, na hoteli ikapata jina. Mtu yeyote aliyewahi kuona nyumba za zamani za pwani yetu, zenye ukuta mtupu upande wa njia na uhai wote ukiwa uani, ataielewa akili iliyotumika pale bila kuhitaji maelezo zaidi.

Inaendelea.

Hoteli ya pili, Inn on the Park, ilifunguliwa 1963 pembezoni mwa Toronto. Sitakaa hapo. Ya tatu ndiyo iliyombadilisha. Mwaka 1970 alifungua Inn on the Park ya London, jirani na Hyde Park, katika jiji ambalo tayari lilikuwa na hoteli za kifahari kama Savoy, Claridge's, Connaught na Dorchester. Wenye uzoefu walimshauri ajenge hoteli kubwa ya daraja la kati kwa sababu huko juu hapakuwa na nafasi. Yeye akapunguza vyumba vikabaki takriban 230 na kuweka fedha katika ubora, na hoteli ikajaa wageni waliokuwa tayari kulipa.

Miaka miwili baadaye alifanya kinyume chake. Akishirikiana na kampuni ya ITT iliyomiliki hoteli za Sheraton, alifungua Toronto hoteli kubwa ya mikutano yenye vyumba zaidi ya 1,000. Ilikuwa mradi mkubwa wenye faida, lakini aliona kwamba katika jengo la ukubwa ule meneja hawezi kumjua mgeni, na mhudumu hawezi kujulikana na meneja. Katikati ya miaka ya 1970 aliuza sehemu yake, akaamua kwamba Four Seasons itaendesha hoteli za ukubwa wa wastani tu, na kila moja iwe katika kundi la zile bora kabisa mjini ilipo.

Uamuzi uliofuata ndio ambao wanafunzi wangu huchelewa kuuelewa, nami nitaueleza kwa mifano ya hapa nyumbani. Sharp aliamua kwamba kampuni yake iache kumiliki majengo na ibaki na kazi ya kuyaendesha. Mwenye jengo ni mwingine. Yeye ndiye anayebeba mkopo, kodi ya ardhi, paa linalovuja na jenereta. Kampuni ya usimamizi inaleta jina, mfumo, mafunzo na meneja mkuu, nayo hulipwa ada ya msingi inayokatwa kwenye mapato na ada ya ziada inayotegemea faida. Wapita njia wa Kivukoni wanaliona jambo hili kila siku bila kulitambua: Hoteli ya Kilimanjaro, ambayo ilijengwa katika miaka ya 1960, imesimama pale pale ikitazama bandari, lakini bango lake lilisoma Kempinski na leo linasoma Hyatt Regency. Loji ya Serengeti ambayo leo ni Four Seasons yenye vyumba 77 ilikuwa Bilila Lodge Kempinski hadi 2012, kampuni ya Sharp ilipochukua usimamizi. Shimo la maji wanalonywea tembo mbele ya bwawa la kuogelea halikuhama. Kilichobadilika ni nani anayeongoza na kwa taratibu zipi.

Sasa mtu anayeuza uendeshaji peke yake anauza nini hasa? Hana ukuta wa kumwonyesha mteja wake. Bidhaa yake ni tabia ya watu: namna simu inavyopokelewa, namna shuka linavyokunjwa pembeni, muda ambao chai inachukua kufika chumbani. Ukishaliona hilo, unaona pia kwamba Sharp hakuwa na njia nyingine zaidi ya kuwekeza kwa wahudumu, na kwamba huruma yake kwao ilikwenda pamoja na hesabu kali ya biashara. Simlaumu kwa hilo. Ningemwogopa zaidi kiongozi anayewapenda wafanyakazi kwa maneno huku hesabu zake zikisema vingine.

Mdau mmoja ameuliza hapo juu ni kitu gani Sharp alifanya kwa vitendo, maana kila hoteli hapa mjini ina bango la maadili ukutani. Ndugu yangu, swali lako ni la haki.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Sharp aliifanya kanuni ya zamani inayojulikana katika dini nyingi, ya kumtendea mwenzio kama unavyopenda kutendewa, kuwa msingi rasmi wa kampuni. Baadhi ya wakuu wake waliona ni maneno ya mahubiri yasiyofaa katika biashara. Yeye aliwapima kwa kanuni hiyo hiyo, na walioshindwa kuishi nayo waliondoka, hata kama walikuwa wakileta faida. Hapo ndipo wafanyakazi wa ngazi za chini walipoamini kwamba mzee anamaanisha. Bwalo la chakula likawa moja: meneja mkuu anashika sahani na kupanga foleni nyuma ya mwosha vyombo. Wafanyakazi walipewa haki ya kulala bure kwa siku kadhaa katika hoteli nyingine za kampuni, na faida yake haikuishia kwenye motisha, kwa sababu mhudumu ambaye hajawahi kuwa mgeni hawezi kujua mgeni anahangaika na nini usiku anapotafuta swichi ya taa. Kuanzia 1998 jarida la Fortune liliiweka Four Seasons katika orodha yake ya kampuni 100 bora za kufanyia kazi Marekani, na ikabaki humo mwaka baada ya mwaka.

La muhimu zaidi kwangu ni madaraka. Mhudumu aliruhusiwa kutatua shida ya mgeni papo hapo bila kupanda ngazi za ruhusa. Nitaeleza kwa nini hili linanigusa. Katika hoteli moja niliyowahi kufanya kazi, wageni wa ndege za usiku walikuwa wakifika kutoka uwanja wa Julius Nyerere saa tisa za usiku, macho mekundu, mtoto kalala begani. Kuna usiku alifika mama mmoja, chumba alicholipia kilikuwa na kiyoyozi kibovu, na vyumba vya daraja la juu vilikuwa vitupu ghorofa nzima. Karani aliyekuwa zamu hakuwa na ruhusa ya kumhamisha. Alipiga simu kwa msimamizi, msimamizi akampigia meneja wa zamu, meneja hakupokea, na mama yule akakaa kwenye kochi la mapokezi hadi kulipopambazuka huku karani akimletea maji na kuomba radhi. Asubuhi karani ndiye aliyeandikiwa barua ya onyo kwa malalamiko ya mgeni. Alikuwa akitoka Gongo la Mboto, daladala mbili kwenda na mbili kurudi, na alikuwa mmoja wa watu wenye akili safi kabisa niliowahi kufanya nao kazi. Akaacha kazi ndani ya muda mfupi. Hoteli ile haikuwahi kujumlisha hasara hiyo popote katika vitabu vyake. Ninaposoma jinsi Sharp alivyomkabidhi mtu wa namna ile uwezo wa kuamua, namwelewa mara moja.

Inaendelea.

Hakuna namna ya kumwelezea mtu huyu bila kumtaja mwanawe Christopher. Sharp na mkewe Rosalie walioana 1955 na kupata watoto wanne wa kiume. Christopher alifariki 1978 kwa saratani ya ngozi akiwa na umri wa miaka 17. Miaka miwili baadaye kijana wa Kikanada aitwaye Terry Fox, aliyekatwa mguu wa kulia juu ya goti kwa sababu ya saratani ya mfupa, alianza kukimbia kuvuka nchi nzima kwa mguu wa bandia ili kuchangisha fedha za utafiti. Alianzia St. John's, mji wa mashariki mwa Kanada, tarehe 12 Aprili 1980, na mwanzoni watu wachache walimjali. Sharp aliposikia habari zake alifungua milango ya hoteli zake kwa kijana huyo, akaahidi dola 10,000, na akayapa changamoto makampuni mengine 999 yatoe kiasi hicho hicho.

Terry alikimbia siku 143 na kilomita 5,373, hadi tarehe 1 Septemba 1980 saratani ilipomrudia mapafuni karibu na Thunder Bay. Sharp alimtumia ujumbe hospitalini, akimwahidi kwamba mbio hizo zitafanyika kila mwaka kwa jina lake hadi kazi aliyoianza ikamilike. Kijana alifariki Juni 1981, akiwa na miaka 22. Septemba ya mwaka ule ule mbio za kwanza za Terry Fox zikafanyika, watu wapatao 300,000 wakajitokeza, na zinaendelea hadi leo katika nchi nyingi. Baba aliyemzika mtoto wake angeweza kujifungia. Huyu alichukua uwezo wa kampuni yake wa kupanga shughuli, kupokea watu na kufuatilia mambo madogo madogo, akauweka katika vita dhidi ya ugonjwa uliomchukua mwanawe.

Upande wa biashara nitakwenda haraka. Kampuni iliuza hisa kwa umma 1986, na 1992 ikainunua kampuni ya hoteli ya Regent International, hatua iliyoipeleka Asia kwa kishindo. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001 hoteli za kifahari zilibaki tupu, na washindani wengi wakashusha bei. Sharp alikataa kushusha, kwa hoja kwamba bei ikishuka huduma itapunguzwa, na mgeni akishazoea huduma pungufu hatarudi kulipa bei ya zamani. Mwaka 2003 ugonjwa wa SARS ukaipiga Toronto yenyewe. Kampuni ilivuka yote mawili.

Mwaka 2007 Four Seasons iliondolewa kwenye soko la hisa kwa thamani ya takriban dola bilioni 3.8. Cascade, kampuni ya uwekezaji ya Bill Gates, na Kingdom Holding ya Mwanamfalme Alwaleed bin Talal zilichukua asilimia 47.5 kila moja, na Sharp akabaki na 5. Aliendelea kuongoza hadi 2010 alipomwachia Kathleen Taylor kiti cha mtendaji mkuu. Mwaka 2021 Cascade ilikubaliana kununua nusu ya hisa za Kingdom kwa dola bilioni 2.21, na hivyo kufikia asilimia 71.25.

Mchangiaji mwingine ameandika kwamba nampamba mtu huyu, na kwamba mfumo wake unawatajirisha wenye jina huku mfanyakazi akibaki hewani. Mkuu, nimeisoma hoja yako mara mbili, na sehemu yake nakubaliana nayo.

Mfumo wa mwenye jengo na mwendeshaji una ufa, na ufa huo ulionekana wazi New York. Hoteli ya Four Seasons ya mtaa wa 57 ilifungwa Machi 2020 wakati wa korona. Mwanzoni vyumba vyake vilitolewa bure kwa madaktari na wauguzi, jambo ambalo dunia ililisifu, lakini baadaye ilikaa imefungwa kwa miaka kadhaa huku mwenye jengo na kampuni wakivutana, na ilikuja kufunguliwa tena 2024. Wafanyakazi walikwama katikati, na baadhi yao walikwenda mahakamani kudai stahiki zao. Kanuni nzuri ya kumtendea mwenzio haikuwalipia kodi ya nyumba katika kipindi hicho. Yeyote anayefundisha maisha ya Sharp akaliruka jambo hili, anafundisha nusu.

Hata hivyo sikubali kwamba kosa liko katika kumthamini mhudumu. Liko katika mkataba ambao haukusema waziwazi ni nani anabeba mzigo wa mfanyakazi mambo yakiharibika. Na hapa ndipo mazungumzo yanaposhuka kutoka Toronto na New York hadi hapa kwetu, kwa sababu vijana wengi wanaoingia katika hoteli za kimataifa za Dar es Salaam wanadhani wameajiriwa na jina lililoandikwa juu ya ghorofa. Mara nyingi mwajiri wao kisheria ni kampuni ya mwenye jengo, ambayo jina lake hawajawahi kulisikia hadi siku wanayokwenda kufuatilia michango yao NSSF.

Mwanafunzi aliyeuliza afanye nini kwenye usaili wiki ijayo, jibu langu ni hili. Waulize mambo matatu kwa adabu na uyaandike. Uliza mwajiri anayetia sahihi mkataba wako ni nani, na jengo likibadilisha mwendeshaji utumishi wako unahesabiwa tangu lini. Uliza tozo ya huduma, ile inayoongezwa kwenye bili ya mgeni, inagawanywaje, na kama inaingia kwenye hati ya mshahara. Kisha uliza mtu wa mapokezi anaruhusiwa kuamua nini bila kumpigia simu mkubwa wake usiku. Wakikujibu hilo la tatu bila kusita, utakuwa umeshajua mengi kuhusu meneja mkuu wa pale, hata kama hujawahi kumwona. Ukirudi, tuandikie hapa walivyokujibu, bila kutaja jina la hoteli.